Wamama wa 40+ wenye presha: namba ya kwenye mashine ni nusu ya habari, nusu iko kwenye mishipa

Sista wa Gungu
Wakuu habari za jioni. Mimi ni nesi hapa Kigoma mjini, niko upande wa kliniki ya presha na sukari, kituo sikitaji msije mkanitafuta. Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu, ngoja leo nifungue wa kwangu, ni mrefu, asiye na bando apite tu.

Kinachonikera ni hiki. Mama ana miaka 48, anafika, anafungwa kitambaa mkononi, 162 kwa 94, anaandikiwa amlodipini, kidonge cha presha, anaondoka. Mwezi ujao hivyo hivyo. Hakuna anayemuuliza mimba zako zilikuwaje, hedhi imekata lini, nyumbani mnapikia nini, ugoro je, magoti yakiuma unameza nini. Na hayo ndo yanayoamua mishipa yake inachakaa kwa spidi gani. Wamama wawili wanaweza kuwa na 150 kwa 90 ile ile kwenye daftari, mmoja mishipa bado inajiweza, mwenzie yuko njiani kwenda kupooza, na daftari limekaa kimya.

Mishipa ninayosema ni ateri, ile inayotoa damu kwenye moyo kupeleka mwilini. Ateri kubwa zina nyuzi za kuvutika, moyo ukisukuma zinatanuka, moyo ukipumzika zinarudi. Hizo nyuzi mwili unazitengeneza zaidi ukiwa mtoto, ukubwani zikikatika hazirudi kama zamani, nafasi inazibwa na nyuzi ngumu, mshipa unaanza kuwa kama mpira wa ndani wa baiskeli uliokaa juani. Presha ya miaka mingi inazikata, sukari nayo inazikakamaza. Halafu ndani kabisa ya mshipa kuna utando mwembamba sana unaotoa naitriki oksaidi, hii ndo inaulegeza mshipa, sasa moshi wa sigara, sukari na lehemu mbaya (kolesteroli) vyote vinaumiza utando huo, ukishaumia lehemu inapenya chini yake na kujenga ukoko. Kwa hiyo mshipa unakuwa mgumu na njia inapungua, vyote kwa pamoja.

Kwa mwanamke kuna la ziada. Estrojeni inausaidia huo utando ukiwa bado unapata hedhi. Hedhi ikikata, wengi ni kati ya 45 na 55, lehemu mbaya inapanda, mafuta yanahama kutoka mapajani kuja tumboni, mwili unaanza kushika chumvi kirahisi zaidi na presha ya juu, ile ya moyo ukisukuma, inaanza kupanda. Ndo maana utakuta mwanamke amekula vitunguu na chumvi yake miaka yote hana tatizo, anafika 51 anaambiwa presha, anabaki kusema nimelogwa, mbona sijabadilisha kitu. Aliyekata hedhi kabla ya 40, au aliyetolewa kizazi pamoja na ovari zote mbili akiwa bado mdada, huyo awe macho zaidi maana ile kinga kaipoteza mapema.

Naishia hapo kwanza, mvua inakuja na umeme wetu mnaujua. Ulizeni.

Bangwe Boy
Siti ya mbele nimekaa. Mama yangu ana 56 na yuko kwenye vidonge, nitamsomea yote.

Fundi Redio
Sista shkamoo kama umenizidi. Wife ana 53, juzi kapima duka la dawa hapa Mwanga kakuta 158 kwa 72. Muuzaji kamwambia usijali mama, ya chini iko poa sana, hii ya juu ni mawazo tu. Akarudi nyumbani anafurahi. Mimi nikabaki na kawasiwasi maana 158 mbona kubwa?

Sista wa Gungu
Marahaba kama nimekuzidi, kama hujanizidi wewe 😄

Fundi huyo muuzaji kamdanganya bila kukusudia. Toa hesabu hiyo, 158 kutoa 72 unapata 86. Kwa mtu wa makamo kwenda juu, tofauti ya juu na ya chini ikizidi 60 inatupa fununu kwamba ateri kubwa zimeanza kukakamaa. Mshipa laini unapokea kishindo cha moyo na kukihifadhi, halafu unakirudisha taratibu moyo ukiwa umepumzika, ndo maana ya chini inabaki juu kidogo. Mshipa mgumu haupokei kitu, kishindo chote kinapita kama kilivyo, ya juu inapaa ya chini inashuka. Na kishindo hicho kinaenda kutua kwenye mishipa midogo ya ubongo na figo ambayo haijaumbwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo ya chini kushuka wakati ya juu imepaa sio habari njema kabisa. Hospitali kubwa zenye vifaa wanapima spidi ya wimbi la damu kutoka shingoni mpaka kwenye paja, likizidi mita 10 kwa sekunde wanajua mshipa umeshakuwa mgumu. Huku kwetu mashine hiyo usiitafute, ila kutoa namba mbili hata mtoto wa darasa la nne anaweza.

Mpeleke akapimwe vizuri, siku tofauti, asiishie dukani.

Binti Katubuka
Mimi nimeguswa hapo kwenye mimba. Mimba yangu ya kwanza, mwaka 2006, nilivimba miguu mpaka uso, wiki ya 34 kichwa kinaniuma nyuma ya macho naona vinyota vinyota, nikakimbizwa, presha 170 na kitu, nikapewa sindano za magnesi, mtoto akatolewa kwa operesheni. Tulipona wote namshukuru Mungu. Baada ya wiki kadhaa presha ikarudi 120, nikaambiwa imeisha nenda nyumbani, kadi ya kliniki mwenyewe sijui iliishia wapi. Sasa nina 43, mwaka jana nimekutwa na 154 kwa 98. Kliniki wananiandikia dawa, hakuna hata siku moja aliyeniuliza habari za 2006 na mimi sikuona kama zinahusiana. Zinahusiana kweli?

Sista wa Gungu
Binti ungekuwa karibu ningekukumbatia, wewe ndo niliyekuwa nakusubiri.

Zinahusiana sana. Kuna uchambuzi ulitoka Uingereza mwaka 2007, walikusanya tafiti za wanawake zaidi ya milioni 3, wakakuta aliyepata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, ile tunayoijumlisha humu kwenye kifafa cha mimba, uwezekano wa kuja kuwa na presha ya kudumu ni karibu mara 4 ya mwenzie, na magonjwa ya moyo na kiharusi ni karibu mara 2. Sasa wataalamu wanabishana kama ile mimba ndo inaharibu mishipa au mishipa ilikuwa na udhaifu wake toka mwanzo mimba ikaufichua tu. Mimi kwa upande wangu naona kwa mgonjwa haina tofauti, ukishajua una historia hiyo unatakiwa upimwe presha kila mwaka toka siku ile, sio usubiri miaka 17 upite.

Na sio kifafa tu. Sukari iliyotokea kwenye mimba ikaisha ukijifungua, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo sana, vyote viseme kliniki hata kama mtoto mwenyewe sasa anaota ndevu. Kadi imepotea sawa, mdomo upo.

Ukienda kliniki waambie wakupime mkojo kama una protini na damu waangalie kreatinini, ile taka ambayo figo huichuja, maana figo ndo zinazotangulia kuonyesha mishipa midogo inavyoumia. Halafu njoo utuambie hapa.

Mama Mawese
Sasa nasubiri lile neno lenu. Kila mtaalamu akishika simu lazima aseme mawese yanaua. Bibi yangu kafa na miaka 90 na ushee Ujiji hapo, sombe kwa mawese, maharage kwa mawese, migebuka kwa mawese, na meno yake yote. Huo ugonjwa umekuja na mafuta yenu ya madumu.

Alizeti Singida
Mama Mawese nunua alizeti uishi kwa amani 😂😂

Mama Mawese
Kaa na alizeti yako huko huko, hata rangi hayana.

Sista wa Gungu
Jamani taratibu, na mimi nimelelewa kwa mawese hayo hayo.

Ukweli wenyewe ni kwamba karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayoganda, na hayo yanapandisha lehemu mbaya, hilo halina ubishi, alizeti na karanga yana mafuta yanayoganda kidogo kuliko hayo. Lakini pia mawese yetu mekundu yana vitamini A ya kutosha na vitamini E, sio takataka kama watu wanavyoyaongelea. Tatizo ninaloliona mimi ni kipimo na kuyaunguza. Mtu anachoma mawese mpaka yanatoa moshi mweupe jiko zima, wekundu umepotea wote, hapo vitamini A imekwenda na maji, halafu anaweka upawa mzima kwenye sufuria ya watu wanne. Bibi yako Mama Mawese alikuwa anaweka kiasi gani? Na alikuwa anatembea kutoka shamba mpaka nyumbani na mzigo kichwani kila siku, sio kukaa dukani toka asubuhi kama sisi.

Mwenye presha na lehemu iko juu apunguze, achanganye siku, leo mawese kesho alizeti, na asiyaunguze. Kumwambia Muha aache mawese kabisa ni kupoteza muda wa kliniki.

Ila mimi hofu yangu kubwa sio mawese, ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja cha chai, kisawazishwe juu, na hapo ni chumvi ya siku nzima kutoka kila mahali. Chumvi ya Uvinza iko hapo mlangoni kwetu, bei rahisi, hatuioni kama kitu. Jipime hivi, siku moja weka pembeni kwenye bakuli chumvi yote ya familia kwa siku kulingana na vijiko vya watu mlio nao, pika kutoka kwenye hiyo tu. Wengi bakuli linaisha mchana. Na bado hujahesabu viungo vya unga vya mchuzi vya paketi, samaki wa chumvi, mkate.

Mnyamwezi Halisi
Huku Urambo tunasoma. Sista umetaja ugoro juu juu naomba uzame maana huku kwetu Tabora wamama wengi wa makamo hawavuti sigara, ni aibu, lakini ugoro uko kwenye kona ya khanga. Mama mkwe wangu ana presha na anasema ugoro unamtuliza kichwa. Halafu msimu wa tumbaku wao ndo wanachuma, wanafunga kwenye vijiti, wanachochea moto kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, usiku kucha. Na mlenda wetu bila magadi sio mlenda.

Sista wa Gungu
Mnyamwezi umeniletea vitatu kwa mpigo na vyote vina uzito.

Ugoro ni tumbaku, nikotini inaingia kwenye damu kupitia puani au kwenye fizi, inabana mishipa na kupandisha mapigo na presha kwa muda, na anayetumia mara kumi kwa siku mishipa yake haipumziki. Huo utulivu anaousikia mama mkwe ni kwamba mwili ulikuwa unaidai nikotini, kapewa, kanyamaza. Wanaochuma majani mabichi asubuhi yakiwa na umande, nikotini inapita hata kwenye ngozi, ndo kile kizunguzungu na kutapika wanachosema ni njaa. Wavae mikono mirefu, ikilowa wabadilishe.

Moshi wa bani na moshi wa jikoni mtu anauona kama shida ya kifua na macho, kumbe vile vivumbi vidogo vinaingia mpaka kwenye damu na kuumiza ule utando wa ndani niliousema. Mwanamke ambaye hajawahi kushika sigara maisha yake yote amevuta moshi miaka 35 akipika. Hilo kwenye fomu ya kliniki halipo, fomu inauliza unavuta sigara ndiyo au hapana, mama anajibu hapana, tunaendelea.

Magadi sasa. Magadi ni sodiamu, ile ile iliyoko kwenye chumvi na ndiyo inayovuta maji kwenye damu. Mama anakuambia kwa kujiamini mimi chumvi nimeacha sista, halafu maharage kalainisha kwa magadi, mlenda magadi, na ugoro wenyewe umechanganywa na magadi! Maharage yalowekwe usiku, yatalainika. Mlenda hapo sijui nikusaidieje 😅 upunguzwe tu, ncha ya kijiko.

Kichaa wa Reli
Hizi dawa za presha ni biashara ya wazungu, ukianza huachi, zinamaliza figo. Jirani yangu alimeza miaka mitano figo zikafeli. Kitunguu saumu punje mbili asubuhi na ndimu kwenye maji ya moto, kwishaa.

Tabibu Mstaafu
Kijana, nimefanya kazi hii Kasulu na baadaye Tabora kabla hujazaliwa pengine, nikujibu bila hasira. Figo za jirani yako zimemalizwa na presha iliyokaa miaka bila kutibiwa, au iliyotibiwa nusu nusu, anameza akiumwa kichwa, akipata nafuu anaacha. Presha haina dalili ya kuaminika. Wengi niliowapokea wamepooza upande mmoja walikuwa na vidonge kabatini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema katika kila watu 5 wenye presha 4 hawapati matibabu yanayotosha, na hapo wamehesabu dunia nzima sio Kigoma tu.

Kitunguu saumu kinashusha kidogo kwa baadhi ya watu, kula kwenye chakula hakuna anayekukataza. Lakini 160 huishushi kwa punje mbili.

Niongeze jambo la dawa kwa kuwa sista kalipita. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya jaribio lililofanyika kwa Waafrika wenyewe, nchi 6 zikiwemo Kenya na Uganda, wakalinganisha dawa mbili mbili. Michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha vizuri kuliko ule usio nayo. Kwa hiyo daktari akikuongezea kidonge cha pili usione kama ugonjwa umekuwa mkubwa, dawa mbili kwa dozi ndogo mara nyingi zinafanya kazi kuliko moja iliyopandishwa mpaka mwisho. Amlodipini ikikuvimbisha vifundo vya miguu, sema. Kaptopri au enalapri ikikuletea kikohozi kikavu kisichoisha, sema, kuna mbadala. Usiache kimya kimya, hilo ndilo linalonikasirisha mpaka leo nimestaafu.

Na kuna jaribio kubwa la Marekani la 2015, watu zaidi ya 9,300, walioshushwa ya juu chini ya 120 walipata matatizo ya moyo pungufu kwa kama robo kuliko walioachwa chini ya 140. Zuri, ila wanawake mle ndani walikuwa kama theluthi tu, na wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuingizwa, kwa hiyo msikimbilie kujishusha wenyewe mpaka mkaanguka chooni.

Bangwe Boy
Mzee heshima yako. Nakazia hapo pa kabati.

Shangazi wa Ujiji
Wanangu mimi nina 52. Hedhi imekata mwaka juzi, jasho la usiku mpaka shuka zinalowa, presha ikaja, magoti yakaanza. Maswali yangu ni haya, kama hiyo estrojeni ndo ilikuwa inatulinda si tununue tumeze? Pili magoti nameza diklofenaki, naipata dukani tu, ile nyekundu, inanisaidia sana. Tatu mwanangu wa kike ana 38 na presha kidogo anatumia vidonge vya majira, ana shida?

Sista wa Gungu
Shkamoo shangazi. Umeuliza mambo mazito kama unauliza bei ya dagaa.

La kwanza. Hata wataalamu waliwaza kama wewe. Marekani walifanya jaribio, wanawake zaidi ya 16,000 waliokata hedhi, nusu wakapewa estrojeni na projestini, na mwaka 2002 wakalisimamisha kabla ya wakati kwa sababu kiharusi, damu kuganda na saratani ya matiti viliongezeka kwa waliopewa homoni. Kwa hiyo homoni hazitolewi kwa lengo la kulinda moyo. Kwa jasho la usiku likizidi mtu anaweza kupewa, kwa uangalizi wa daktari, lakini wewe mwenye presha usijinunulie kabisa. Lala na khanga nyepesi, chai ya moto sana usiku iache.

La pili ndo la haraka shangazi. Diklofenaki na ibuprofeni na ndugu zao zinashikisha mwili chumvi na maji, zinapandisha presha, zinaipunguzia nguvu dawa ya presha unayomeza asubuhi, na zinaumiza figo. Yaani asubuhi unajenga jioni unabomoa. Anza kwa paracetamoli, magoti yapake dawa ya kuchua, na uzito ukipungua hata kilo tatu nne magoti yatasikia. Na akina dada mnaomeza vidonge vya kunenepesha vya kichinichini, vingi vina deksamethasoni, ile ni steroidi, inapandisha presha na sukari pamoja.

La tatu, binti yako aende kliniki ya uzazi abadilishiwe. Vidonge vya majira vile vyenye estrojeni ndani haviendani na presha. Kuna kitanzi, kuna kijiti, hana sababu ya kuhatarisha ubongo wake.

Shangazi na kiuno je? Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, usijibane. Mwanamke akizidi sentimita 80 hatari inaanza kupanda, akizidi 88 imepanda sana.

Shangazi wa Ujiji
Marahaba. Futi nimezungusha. Sisemi.

Mama Mawese
😂😂😂 shangazi tuko wengi

Fundi Redio
Nimerudi. Nataka ninunue mashine ya nyumbani. Kuna ya kifundo cha mkono na ya juu ya mkono, ipi? Halafu wife akipima mara tatu inaleta namba tatu tofauti anasema mashine za kichina.

Sista wa Gungu
Ya juu ya mkono. Na angalia kitambaa, cha kawaida wengi kinaishia mkono wenye mzunguko wa kama sentimita 32, mama mwenye mkono mnene akifungwa hicho mashine inasoma juu kuliko ukweli, nimeona watu wanaongezewa dawa kwa sababu ya kitambaa tu. Pima mkono kwa futi kabla hujalipa, kama unazidi omba kitambaa kikubwa.

Namba kutofautiana ni kawaida, presha sio bei ya soda. Akojoe kwanza, kibofu kilichojaa kinapandisha. Akae kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu chini asikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, na wewe usimsemeshe. Kahawa na ugoro iwe imepita nusu saa. Apime mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, wiki moja, namba za siku ya kwanza mzitupe, zilizobaki mtafute wastani. Nyumbani 135 kwa 85 kwenda juu ni presha, sio 140 kwa 90 ya kliniki, maana kliniki watu wanapanda kwa woga.

Na ukiwa nae hapo msikilize usiku, anakoroma halafu kunakuwa kimya kama kaacha kupumua kisha anashtuka? Hiyo nayo inapandisha presha na kuumiza mishipa, itajeni.

Fundi Redio
Anakoroma mimi ndo nashtuka. Nitaitaja.

Mnyamwezi Halisi
Sista kuna namna ya kujua kama mishipa imeshaziba bila kwenda Dar? Mama mkwe akitembea kutoka kisimani vigimbi vya miguu vinambana mpaka asimame, akisimama dakika mbili vinaachia, anaendelea.

Tabibu Mstaafu
Hiyo hadithi yenyewe ni kipimo, kijana. Maumivu yanayokuja kwa kutembea umbali ule ule na kuachia kwa kusimama ni dalili ya ateri za miguu kuwa nyembamba, hasa kwa mtumia tumbaku. Wapime presha ya kifundo cha mguu wagawe kwa ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9 njia imepungua, na mishipa ya miguuni ikiwa hivyo ya moyo na shingo nayo huwa si salama. Kinahitajika kifaa kidogo cha kusikilizia mapigo mguuni, ulizeni hospitali ya mkoa Kitete. Waangalie na sukari, lehemu na kipimo cha umeme wa moyo siku hiyo hiyo. Na asisubiri. Siku akipinda mdomo, mkono ukilegea au maneno yakikwama, ni bodaboda au gari lolote saa ile ile, hakuna kumpaka mafuta kwanza.

Tena wanawake moyo ukiziba wakati mwingine hawashiki kifua kama wanaume. Unamkuta anahema, anatapika, taya au mgongo unauma, kachoka ghafla bila kazi. Anaambiwa vidonda vya tumbo.

Binti Katubuka
Nimerudi wakuu. Nilienda kliniki Jumanne. Nikamwambia daktari habari za 2006 zote, alikuwa kijana mdogo tu, akaacha kuandika akaniangalia, akauliza mbona hukusema siku zote. Nikamwambia mbona hamkuniuliza 😅 Mkojo umekutwa na protini ya alama mbili (++), kreatinini wamesema bado iko sawa, sukari sawa, lehemu imepanda kidogo. Amesema niendelee na amlodipini, ameniongezea losatani, kidonge kingine cha presha, nirudi baada ya wiki mbili damu irudiwe. Chumvi nimeanza ile ya bakuli, jana iliisha saa nane mchana, wanangu wananuna.

Sista wa Gungu
Safi sana Binti. Protini kwenye mkojo ndo sababu ya losatani, inazilinda figo, na hiyo damu ya wiki mbili usiiruke, wanaangalia kreatinini na potasiamu kama zimeyumba. Swali moja, una 43, hedhi bado inakuja? Losatani haiendani kabisa na mimba, inamuumiza mtoto tumboni. Daktari alikuuliza unatumia njia gani ya uzazi?

Binti Katubuka
Bado inakuja kila mwezi kama mshahara wa serikali. Hakuuliza. Situmii kitu, na baba watoto anarudi kutoka Kalemie Jumamosi.

Sista wa Gungu
Basi kesho Alhamisi asubuhi kliniki ya uzazi, upimwe mimba kwanza, halafu uchague kijiti au kitanzi. Na vidonge unameza leo?

Binti Katubuka
Amlodipini nimemeza. Losatani nimeiweka pembeni mpaka kesho nipime, nimempigia daktari amesema sawa.

Mama Mawese
Huyo baba watoto mwambieni akija aje na mawese ya Kalemie, dumu moja tu, la kuchanganya siku.